Programu za Pesa Zinapogoma Ukiwa Ughaibuni: Dalili, Sababu na Hatua za Kuchukua

Mwongozo huu ni wa Mtanzania au Mkenya anayeishi na kufanya kazi nje, awe Muscat, Doha, Dubai, Leicester au Minneapolis, ambaye mshahara wake unaingia kwenye akaunti ya huko ilhali sehemu kubwa ya majukumu yake iko nyumbani: ada ya shule, dawa za mzazi, fundi anayesubiri saruji, mchango wa msiba. Mtu wa namna hii kwa kawaida ana programu tatu kwenye simu moja. Ya kwanza ni ya benki ya nchi anayoishi; ya pili ni ya kutuma pesa, kama Wise, WorldRemit, Remitly, Sendwave au NALA; ya tatu ni ya nyumbani, yaani M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au programu ya benki aliyofungua kabla ya kusafiri. Pesa inapokwama, lawama huiangukia ile ya kati, kwa sababu ndiyo iliyoguswa mwisho.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia ndugu na wanajumuiya wenzangu kufuatilia miamala iliyokwama, na karibu kila mara nimekuta kwamba programu yenyewe haina kosa. Tatizo limekuwa kwenye namba ya simu au kwenye jina. Namba ya nyumbani isiposhika mtandao huwezi kuingia kwenye akaunti, na jina lisipolingana na lililoandikwa kwenye kitambulisho pesa haipiti. Ndiyo maana hatua nyingi zilizomo humu zinaanza na vitu hivyo viwili kabla ya kufika kwenye mambo mazito zaidi.

Kabla ya kugusa chochote

Usifute programu, usiisakinishe upya, na usitume pesa mara ya pili. Kuisakinisha upya kunaifanya idai uthibitisho wa mwanzo, na kama namba yako ya nyumbani ndiyo iliyogoma, utakuwa umejifungia nje ya mlango uliokuwa wazi nusu. Kutuma tena kumewatia watu wengi hasara, kwa maana muamala wa kwanza hukwamuka baadaye na mpokeaji akajikuta na kiasi maradufu, ambacho hana wajibu wa haraka wa kukirudisha.

Piga picha ya skrini, kisha andika namba ya kumbukumbu ya muamala, kiasi, na tarehe pamoja na saa kama inavyoonekana kwenye risiti. Kuhusu saa, uwe mwangalifu: risiti ikisema 14:00, mwambie mhudumu "14:00" na utaje ni kwa saa za nchi gani, kwa sababu ukisema "saa nane" kwa mhudumu asiye Mswahili, atatafuta muamala wa asubuhi au wa usiku ambao haupo. Muscat iko mbele ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja mwaka mzima, lakini Uingereza hubadilisha saa zake mwezi Machi na Oktoba, kwa hiyo tofauti huwa saa mbili wakati wa kiangazi chao na saa tatu wakati wa baridi.

Dalili ya kwanza: namba ya uthibitisho haifiki

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Unaingiza namba yako ya siri, programu inasema imekutumia ujumbe wenye tarakimu sita, unasubiri dakika kumi, na hakuna kinachoingia.

Sababu inayotokea mara nyingi kuliko zote ni kwamba laini ya nyumbani haiko hewani. Mtu anafika ugenini, ananunua laini ya huko, na ile ya nyumbani anaifunga kwenye karatasi na kuiweka kwenye pochi. Wengine wanayo kwenye simu lakini hawakuwasha huduma ya rominga, yaani ile ya kutumia laini ya nyumbani kwenye mitandao ya nje. Wi-Fi haisaidii hapa, kwa kuwa ujumbe mfupi wa benki hupita kwenye mtandao wa simu, na vivyo hivyo menyu za nyota na reli kama *334# ya Kenya au *150*00# ya Tanzania hazipiti kwenye Wi-Fi. Rudisha laini kwenye simu, angalia juu ya skrini kama jina la kampuni ya nchi uliyopo linatokea, na kama simu inasema hakuna huduma, ingia kwenye mipangilio, zima uchaguzi wa mtandao unaojiendesha, kisha jaribu mitandao ya nchi hiyo mmoja baada ya mwingine. Data ya laini hiyo unaweza kuiacha imezimwa ili salio lisiliwe, kwani kupokea ujumbe mfupi hakuhitaji data.

Sababu ya pili ni papara. Kila unapobonyeza "tuma tena", namba ya awali inafutika. Ujumbe unaovuka mipaka huchelewa na wakati mwingine hufika bila mpangilio, kwa hiyo aliyeomba mara nne anaweza kuingiza namba ya pili akidhani ni ya mwisho, akakataliwa, na baada ya majaribio machache akafungiwa kabisa. Omba mara moja, subiri dakika kumi, na ikishindikana, acha saa moja ipite kabla ya kuomba tena.

Inayofuata ni ujumbe uliofika lakini ukafichwa. Simu nyingi za sasa huchuja ujumbe wa watumaji wasiojulikana na kuupeleka kwenye kisanduku cha taka. Fungua kisanduku hicho, kisha angalia orodha ya watumaji uliowazuia, maana wapo waliozuia matangazo ya kampuni ya simu na bila kujua wakazuia na benki.

Kwa walioko Marekani ipo sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Kampuni kubwa za huko zilizima mitandao yao ya 3G mwaka 2022. Simu ya zamani, au laini ambayo kampuni yake ya nyumbani haina makubaliano ya 4G na kampuni ya huko, inaweza kukosa mtandao kabisa hata kama rominga imewashwa. Jaribu laini hiyo kwenye simu mpya zaidi kabla ya kuhitimisha kwamba imekufa.

Mwisho ni laini iliyokufa kweli. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa na kampuni, na baadaye namba hupewa mteja mwingine. Hapo shida huwa kubwa kuliko kukosa ujumbe, kwa sababu namba zako za uthibitisho zinaanza kuingia kwenye simu ya mtu usiyemjua. Kuirudisha si jambo la kumtuma ndugu: Tanzania laini husajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa na alama za vidole, na vidole vyako unavyo wewe huko uliko. Kwa hiyo weka salio dogo, piga simu au tuma ujumbe mara kwa mara kwa laini ya nyumbani, na ukienda likizo hakikisha umepita dukani kuhakiki usajili wako.

Suluhisho la kudumu ni kupunguza utegemezi wa ujumbe mfupi wakati laini bado inafanya kazi. Benki nyingi huruhusu kuidhinisha muamala ndani ya programu yenyewe au kusajili namba ya nje. Fanya hivyo leo, kwa sababu kubadilisha namba kunahitaji uthibitisho kutoka kwenye namba ile ile unayotaka kuiacha.

Onyo: kama laini ya nyumbani ilikuwa na mtandao jana na leo imekatika ghafla bila sababu, acha kutafuta hitilafu kwenye simu. Mwombe mtu wa nyumbani aipigie. Ikiwa inaita ilhali kwako haionyeshi kitu, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu ameirudisha kwenye kadi nyingine kwa udanganyifu. Tumia simu yoyote iliyo karibu, piga benki kwanza ili wafunge akaunti, kisha kampuni ya simu. Namba fupi kama 100 kwa kawaida hazipatikani kutoka nje, kwa hiyo namba ndefu za huduma kwa wateja zinapaswa kuwa zimeandikwa mahali pengine, nje ya simu yenyewe.

Dalili ya pili: programu haifunguki au inakukataa

Anza na yale mepesi. Angalia kama kuna toleo jipya, kwa kuwa programu za benki huacha kufanya kazi kwenye matoleo ya zamani bila kutoa maelezo ya kueleweka. Zima VPN, yaani programu inayoficha mahali ulipo kwenye intaneti, ambayo inaifanya benki ione kwamba dakika moja uko Salalah na dakika inayofuata uko Amsterdam. Kisha angalia saa ya simu: programu zinazozalisha namba za uthibitisho ndani ya simu hubadilisha namba kila sekunde 30 kwa kufuata saa, na mtu aliyeweka saa kwa mkono baada ya safari huzalisha namba zisizokubalika. Rudisha saa kwenye mpangilio wa kujirekebisha yenyewe.

Kama programu ya nyumbani haionekani kabisa kwenye duka la programu la simu yako mpya, sababu huwa ni nchi ya akaunti ya duka hilo. Baadhi ya programu hutolewa kwa nchi fulani tu. Kubadilisha nchi ya duka kunawezekana, lakini huathiri malipo mengine uliyoyasajili humo, kwa hiyo soma masharti kwanza. Usichukue faili la programu kutoka kwenye kundi la WhatsApp au kwa rafiki, hata awe mwaminifu kiasi gani, kwa sababu naye alilichukua kwa mtu mwingine.

Programu ikikuambia kwamba simu yako si salama, na ulinunua simu hiyo ikiwa imetumika, huenda mfumo wake umefunguliwa na mwenye nayo wa zamani. Usitafute njia ya kuizunguka programu. Mpelekee fundi anayeaminika airudishe kwenye mfumo wake wa asili, au tumia simu nyingine kwa mambo ya pesa.

Dalili ya tatu: pesa imetoka kwako, mpokeaji hajapata

Hapa ndipo roho za watu hupanda juu, hasa pesa ikiwa ya hospitali, na ndipo makosa makubwa hufanyika. Soma kwanza hali ya muamala ndani ya programu. "Inashughulikiwa" maana yake bado iko mikononi mwa mtoa huduma. "Imekamilika" maana yake imekabidhiwa upande wa nyumbani, na maswali yanahamia huko.

Mara nyingi kabisa ni ukaguzi au siku za mapumziko. Pesa inayokwenda kwenye akaunti ya simu inaweza kufika kwa dakika chache, lakini inayokwenda benki hufuata siku za kazi za nchi zote mbili. Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, Falme za Kiarabu zilihamia Jumamosi na Jumapili tangu Januari 2022, na benki za Kenya na Tanzania hazifanyi uhamisho wa kawaida Jumapili. Aliyetuma kwa njia ya benki kutoka Muscat jioni ya Alhamisi asishangae pesa ikisomeka Jumatatu.

Kinachofuata kwa wingi ni jina. Nitatoa kisa changu mwenyewe. Nilimtumia mama pesa ya matibabu, muamala ukakaa siku tatu, na kila nilipopiga simu niliambiwa "unafanyiwa kazi". Siku ya tatu ndipo mhudumu mmoja alipotamka kwamba nimeandika Mwanaisha, ilhali laini ya mama imesajiliwa Mwanaesha. Herufi moja. Tangu hapo siandiki jina la mtu kwa kulijua. Namwomba anisomee kitambulisho chake, au anitumie picha ya sehemu ya jina tu. Majina ya pwani yana sura nyingi, Abdallah na Abdulla, Khadija na Hadija, na kitambulisho cha ukaazi cha Ghuba kilichogeuzwa kutoka Kiarabu huongeza sura nyingine tena.

Kisha angalia namba. Baada ya +254 au +255 panatakiwa tarakimu tisa, bila sifuri ya mwanzo. Usikisie mtandao kwa kutazama tarakimu za mbele, kwa sababu mtu anaweza kuhama mtandao bila kubadilisha namba, Kenya tangu 2011 na Tanzania tangu 2017. Muulize mpokeaji pesa zake anazipokelea mtandao gani leo.

Upande wa mpokeaji nako kuna vizuizi. M-Pesa ya Kenya haipokei zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na akaunti haiwezi kuwa na zaidi ya 500,000 kwa wakati mmoja, kiwango kilichopandishwa Agosti 2023. Kama mzee ana 400,000 zilizokaa na wewe unamtumia 150,000, muamala utagonga ukuta. Vilevile akaunti ya mpokeaji inaweza kuwa imefungwa kwa kukosea namba ya siri au kwa usajili usiokamilika, na yeye asijue mpaka pesa ikatae kuingia.

Kwa uhamisho wa benki, hitilafu ya kawaida ni kutafuta IBAN, yaani namba ndefu ya akaunti ya muundo wa kimataifa. Kenya, Tanzania na Uganda hazitumii IBAN. Kinachohitajika ni namba ya akaunti, jina kamili, msimbo wa tawi pale unapoulizwa, na msimbo wa SWIFT, unaoitambulisha benki kimataifa, ambao una herufi na tarakimu 8 au 11. Wapo walioambiwa na mtu wa dirishani "lazima kuwe na IBAN" wakabuni namba ili fomu ikubali. Pesa ya namna hiyo huzunguka kwenye benki za kati kwa majuma, ikikatwa ada njiani.

Ikiwa siku tatu za kazi zimepita na hali bado ni "inashughulikiwa", andika malalamiko rasmi ndani ya programu, usitosheke na simu. Malalamiko ya maandishi yana tarehe, na tarehe hiyo ndiyo inayoanza kuhesabu muda wa kisheria. Uingereza, mtoa huduma za malipo kwa kawaida ana siku 15 za kazi kujibu, na ukikosa jibu au usiporidhika unakwenda kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi huru wa malalamiko ya fedha, bila gharama. Marekani unaweza kulalamikia kosa la uhamisho ndani ya siku 180 tangu siku ambayo pesa iliahidiwa kufika, na shauri likikwama linapelekwa CFPB, ofisi ya serikali ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha. Falme za Kiarabu chombo cha malalamiko dhidi ya benki ni Sanadak.

Dalili ya nne: pesa imekwenda kwa mtu mwingine

Dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Sheria ya Marekani inampa mtumaji dakika 30 za kufuta muamala, ila haki hiyo hukoma pesa ikishachukuliwa au kuingia kwenye akaunti ya mpokeaji, na M-Pesa huingiza papo hapo. Fungua programu, tafuta kitufe cha kufuta, na kama hakipo piga simu mara moja.

Kama ulituma kwa M-Pesa ya Kenya kutoka kwenye laini yako mwenyewe, peleka ule ujumbe wa muamala kwenye 456 ili urudishaji uanze. Kwa mitandao mingine piga huduma kwa wateja ukiwa na namba ya muamala. Lakini kama pesa ilitoka kwenye programu ya nje, kampuni ya simu ya nyumbani haitakusikiliza wewe, kwa sababu kwao mteja ni ile programu. Ombi lazima lipitie kwa mtoa huduma wa huko uliko.

Usimpigie aliyepokea ukimtishia. Wapo wanaorudisha kwa hiari wakiombwa kistaarabu, na wapo wanaozima simu wakisikia neno polisi. Akikataa, acha kubishana naye, fungua taarifa polisi kupitia ndugu aliye nyumbani mwenye barua yako, na mwachie mtoa huduma kazi ya kuzuia kiasi kilichobaki.

Dalili ya tano: kiasi kilichofika ni pungufu

Makato huwa mahali patatu, na programu hutangaza moja tu kati ya hayo. La kwanza ni ada ya kutuma, ambayo unaiona. La pili ni kiwango cha kubadilisha fedha, na hili ndilo kubwa. Tuseme soko linasema pauni moja ni shilingi 170 za Kenya, na programu isiyotoza ada inakupa 165. Kwa pauni 300 umeacha shilingi 1,500 mezani bila kuona neno "ada" popote. Njia ya kulinganisha ni moja: ingiza kiasi kile kile kwenye programu mbili au tatu kwa wakati mmoja, kisha tazama shilingi ngapi zitamfikia mpokeaji, si ada ngapi unatozwa.

Waliopo Ghuba wana urahisi fulani hapa. Riali ya Oman, dirhamu, riyali ya Qatar na ya Saudi Arabia zote zimefungwa kwa dola. Dirhamu imekaa kwenye 3.6725 kwa dola moja tangu 1997. Kwa hiyo ukiona shilingi imepanda au kushuka dhidi ya dola, ujue imepanda au kushuka dhidi ya mshahara wako kwa uwiano ule ule. Programu ikikupa kiwango kibaya siku ambayo dola haijasogea, ujue programu ndiyo iliyopanua faida yake.

La tatu ni makato ya kutolea pesa kwa wakala, yanayomwangukia mpokeaji. Mkubaliane mapema kama utayajumlisha. Mzazi anayetakiwa kulipa shilingi 50,000 hospitali na ametumiwa 50,000 kamili atapungukiwa kwenye dirisha la malipo, na hiyo si aibu ya kumwachia mtu mzima.

Mawili ya nyongeza. Ukilipia kwa kadi ya mkopo, benki yako inaweza kuhesabu kama umetoa fedha taslimu na kukutoza ada pamoja na riba ya siku hiyo hiyo. Tumia kadi ya akaunti ya kawaida. Na kwa walioko Marekani, tangu Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa pesa inayotumwa nje ikiwa imelipiwa kwa fedha taslimu au hawala za karatasi, lakini anayelipia kutoka akaunti ya benki au kwa kadi iliyotolewa Marekani hatozwi.

Dalili ya sita: akaunti imesimamishwa, wanataka nyaraka

Ujumbe huu hutisha, lakini mara nyingi hauna maana ya tuhuma. Sababu ya kwanza ni kitambulisho kilichokwisha muda. Waliopo Uingereza wengi walikutana nalo baada ya kadi za ukaazi za BRP kufikia mwisho wa matumizi tarehe 31 Desemba 2024 na nafasi yake kuchukuliwa na viza ya kielektroniki. Programu iliyosajiliwa kwa kadi hiyo inahitaji pasipoti au uthibitisho mpya. Sababu ya pili ni anwani: umehama chumba na bili bado inasoma nyumba ya zamani.

Sababu ya tatu inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu inawapata watu wema. Mhazini wa jumuiya anapokea michango ya msiba kutoka kwa watu arobaini kwenye akaunti yake binafsi kwa siku mbili, halafu anatuma kiasi kikubwa kwa mkupuo kwenda Tanga au Kisumu. Kwa mfumo wa benki, picha hiyo haina tofauti na ya mtu anayesafisha fedha haramu, na ukaguzi umekuwa mkali zaidi tangu Kenya ilipowekwa Februari 2024 kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu. Tanzania ilikuwa kwenye orodha hiyo hadi ilipoondolewa Juni 2025. Jumuiya ifungue akaunti yake yenyewe yenye katiba na watia saini wawili. Kama bado haijafanya hivyo, mhazini atunze orodha ya wachangiaji, tangazo la msiba na risiti, na aandikie benki kabla ya kuanza kukusanya.

Ukiombwa nyaraka, peleka zote kwa pamoja, zikisomeka kona hadi kona: kitambulisho, hati ya mshahara ya miezi ya karibuni, na maelezo mafupi ya kwa nini unatuma na kwa nani. Majibu ya kweli na mafupi hutosha.

Onyo: usitumie akaunti ya mwenzako wakati yako imesimama, na usikubali ya kwako itumike kupitishia pesa ya mtu, hata kwa asilimia fulani ya ahsante. Ukiulizwa maswali na polisi, au ukipata barua inayotaja fedha haramu, acha kujieleza kwa simu na tafuta wakili kwanza. Ubalozi unaweza kukuelekeza kwa mawakili wa nchi hiyo.

Dalili ya saba: muamala usioutambua, au mtu amepiga simu

Hapa hakuna cha kuchunguza peke yako. Funga kadi ndani ya programu, piga benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, na badilisha nywila ya barua pepe kabla ya nywila ya benki, kwa kuwa mwenye barua pepe yako anaweza kurudisha nyingine zote. Aliyekupigia akijiita mhudumu, akakuomba namba ya uthibitisho au akakutaka usakinishe programu ya kuona skrini yako, kata simu. Hakuna mhudumu wa kweli anayehitaji namba hiyo. Nawasihi hasa dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani: kama programu yako ilisajiliwa kwa laini ya tajiri au ya wakala wa ajira, akaunti hiyo haiko mikononi mwako. Omba msaada wa mtu unayemwamini ununue laini kwa kitambulisho chako na uhamishe usajili kabla akiba haijawa kubwa.

Dalili ya nane: umerudi nyumbani na programu ya huko haikutambui

Katika nchi za Ghuba laini na akaunti ya benki vimeshikamana na kitambulisho cha ukaazi. Kibali kikiisha, laini hukatwa na akaunti inaweza kuzuiwa, na malipo yako ya mwisho kazini yakabaki ndani. Hili ni gumu kulitatua ukiwa tayari Mombasa au Zanzibar, kwa maana tawi hutaka uwepo wako au mtu mwenye hati ya uwakilishi iliyothibitishwa. Kwa hiyo kazi yote inafanywa kabla ya kupanda ndege: subiri malipo ya mwisho yaingie, lipa kadi na mikopo, hamisha salio, omba barua ya kufunga akaunti, na pakua taarifa za benki za miezi yote. Kama umeshaondoka, anza kwa barua pepe rasmi kwa benki ukiambatisha pasipoti yenye muhuri wa kutoka, kisha nenda kwa wakili anayethibitisha hati ili ndugu au rafiki aliyebaki huko apewe uwezo wa kukuwakilisha kwa akaunti hiyo moja tu, kwa kiasi kilichotajwa na kwa muda uliowekwa.